Mwezi Mwekundu ni Habari za Dunia

Kila mwezi unapogeuka mwekundu, wako wanaousoma kama ishara: vita vinakuja, njaa iko njiani, kiama kimekaribia. Wasomi huwacheka. Sisi hatuwacheki, maana mwezi kweli una habari. Kosa lao ni kutafuta humo habari za kesho, ilhali zilizomo ni za hewa ya leo.

Mwezi wenyewe hauna rangi ya kujivunia. Mawe na vumbi walivyorudi navyo wanaanga wa Apollo kati ya 1969 na 1972 vingi ni vya kijivu. Uso wake hurudisha takriban asilimia 12 tu ya mwanga wa jua unaoupiga, kama lami iliyochakaa. Weupe tunaousifia ni wa jua. Unjano na wekundu huongezwa humu hewani mwetu.

Mwezi mpevu unapochomoza, mwanga wake hupita kwenye hewa nyingi kuliko unapokuwa utosini. Hewa hutawanya zaidi mwanga wa buluu, na unaosalia kutufikia ni wa njano na mwekundu. Vumbi la kiangazi na moshi wa mashamba yanayochomwa huukoleza wekundu huo. Ukishapanda juu, weupe hurejea.

Mwezi unapopatwa kikamilifu, dunia huuzibia jua. Mwanga unaoufikia ni ule tu uliopenya hewa ya pembezoni mwa dunia, kila mahali ambapo wakati huo jua linachwa au linachomoza. Mwanga huo huwa mwekundu, nayo ndiyo rangi iliyoonekana Afrika Mashariki tarehe 7 Septemba 2025, kuanzia saa 2:30 usiku hadi saa 3:52, kila palipokuwa na anga safi.

Wekundu huo haulingani kila mara. Mwaka 1921 mwanafalaki Mfaransa André Danjon alipendekeza kipimo cha 0 hadi 4, kutoka mwezi wa giza hadi ule wa shaba inayong'aa. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka Juni 1991, ukungu wake ulikaa angani muda mrefu. Mwezi ulipopatwa Desemba 1992 ulikuwa wa giza kupita kawaida. Nao moshi wa misitu iliyoungua Kanada, Septemba 1950, ulivuka Atlantiki ukiwa na chembe za ukubwa unaotawanya mwanga mwekundu kuliko wa buluu. Waingereza wakauona mwezi wa buluu.

Basi anayeutazama mwezi hupima hewa bila chombo chochote. Hiyo ndiyo hoja ya toleo hili: elimu ya anga isiachiwe wenye darubini, na wanaoogopa mwezi mwekundu wasijibiwe kwa kejeli. Waelezwe njia ya mwanga, kisha waulizwe moshi wa leo umetoka wapi.

Tarehe 31 Desemba 2028, mapema usiku, mwezi utapatwa tena kikamilifu, na Afrika Mashariki itauona. Shule zitakuwa zimefungwa, kwa hiyo kazi ni ya wazazi. Watoeni watoto nje, wapeni daftari, waandike rangi waliyoiona na waipe alama kwa kipimo cha Danjon. Mwaka mpya uwakute wamejifunza kitu.