Oili Nzito Haiponyi Injini

Juma hili tuzungumze habari za motokaa. Najua wengine mtasema, "Sisi watu wa kijijini motokaa tutaitoa wapi?" Ni kweli, wengi hatunazo. Lakini siku hizi ni vijiji vichache visivyo na pikapu moja kuukuu ya kubebea samaki, mahindi, na hata mgonjwa usiku wa manane. Pikapu hiyo ikifa, si mwenyewe peke yake anayepata hasara.

Jirani yangu mmoja hapa Dunda, Bagamoyo, ni mchuuzi wa samaki. Alfajiri hununua samaki pwani, huwapakia katika pikapu yake, kisha hushika njia ya Msata: kilomita 64 kwenda, na 64 kurudi, siku sita kwa juma. Pikapu hiyo ilitoka Japan ikiwa imekwisha kutumika, naye ni mtu wa tatu kuimiliki hapa nchini. Kwayo hulisha nyumba na kulipa karo za watoto. Miezi michache iliyopita ikaanza kutoa moshi wa buluu na kula oili. Kijiweni wakampa shauri, "Tia oili nzito kuliko zote, moshi utakoma." Mwingine akaongeza, "Ukikoma tu, iuze upesi kabla haujarudi."

Akaja kwangu jioni, akaniuliza, "Kaka, nitie oili gani?" Niliyomjibu nayaandika hapa, kusudi na wengine wafaidike.

NAMBA ZA KATIKA GALONI

Watu wa pwani wanayajua mafuta ya nazi. Asubuhi ya Julai huganda chupani kama samli. Adhuhuri huwa mepesi kama maji. Mafuta ni yale yale, kilichobadilika ni joto. Oili ya injini nayo ina tabia hiyo: ikipata joto hulegea, ikipoa hukaza. Kazi yake kubwa ni kukaa kama utando baina ya chuma na chuma, visisagane. Ikiwa nyepesi mno, utando hukatika. Ikiwa nzito mno, haifiki upesi katika njia nyembamba za injini.

Mwaka 1911 chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, ambacho kwa kifupi huitwa SAE, kilianza kuzipanga oili kwa namba. Namba hizo si za uzito wa mizani. Ni za uzito kama tunavyosema uji mzito na uji mwepesi. Namba ikiwa kubwa, oili ni nzito zaidi. Zamani galoni ilikuwa na namba moja tu, 30 au 40, na oili za namna hiyo zingali zinauzwa. Siku hizi nyingi zina namba mbili: 5W-30, 10W-40, 15W-40, 20W-50. Namba ya kwanza, yenye herufi W, yaeleza jinsi oili inavyokwenda wakati wa baridi. Namba ya pili yaeleza uzito wake injini ikisha pata moto, maana hupimwa katika joto la digrii 100, ndilo joto la maji yanayochemka.

Ile W iliwekwa kwa ajili ya nchi za barafu. Oili ya 20W hujaribiwa katika baridi ya digrii 15 chini ya sifuri, na ya 5W katika digrii 30 chini ya sifuri. Dunda hatuna baridi ya namna hiyo, hata alfajiri ya Julai. Basi sisi wa pwani, tunapochagua, tuitazame zaidi namba ya pili.

KWANZA UJUE OILI INAKWENDA WAPI

Kabla ya kununua galoni, tafuta ugonjwa. Mganga mwema hatoi dawa kabla ya kumpima mgonjwa.

Tandaza kadibodi chini ya gari usiku. Asubuhi ukiona matone, huenda oili haiungui bali inavuja, na huenda gasketi moja tu ndiyo mbovu. Kisha tazama moshi. Moshi mweusi si wa oili, ni wa petroli au dizeli iliyozidi. Moshi mweupe unaotoka asubuhi na kuisha upesi ni mvuke tu. Lakini usipokwisha, na maji ya rejeta yanapungua, mwite fundi. Moshi wa buluu ndio wa oili inayoungua.

Huo wa buluu nao una saa zake. Ukitoka kwa wingi asubuhi unapowasha, kisha ukapungua, mara nyingi ni sili za valvu. Usiku oili imepita polepole penye sili zilizokauka, ikaingia ndani ya silinda. Lakini ukizidi kila upandapo mlima na mzigo, hapo washuku ringi za pistoni. Fungua kwa uangalifu kifuniko cha kutilia oili injini ikinguruma: ukiona upepo wa moshi unasukuma nje kwa nguvu, ringi zimechoka au zimeganda kwa masizi. Mwambie fundi asafishe pia kipumulio cha injini, kwa sababu kikiziba husukuma oili mahali pasipo pake.

Kwa injini ya petroli, kuna kipimo kimoja rahisi cha fundi. Apime kompresheni ya kila silinda. Ile iliyo dhaifu aitie kijiko kimoja cha oili katika tundu la plagi, apime tena. Ikipanda sana, ringi ndizo mbovu, maana oili imeziba pengo kwa kitambo. Isipopanda, atazame valvu au gasketi.

PANDA NGAZI MOJA

Sasa tuje kwenye oili yenyewe. Oili nzito kidogo hupita kwa shida zaidi penye pengo, kwa hiyo huungua kidogo zaidi kuliko ile nyepesi. Msaada wake ndio huo. Lakini haiwezi kurudisha chuma kilicholika, wala kulainisha mpira uliokauka. Ni kama fimbo kwa mzee mwenye goti bovu: inamsaidia kutembea, ila goti ni lile lile.

Basi panda ngazi moja tu. Kitabu cha gari kikisema 30, nenda 40, kisha pima. Isipofaa, na kitabu kikiruhusu 50 kwa nchi za joto, ndipo uende 50. Usiruke. Injini za miaka ya karibuni zina njia nyembamba sana, na nyingine hutumia nguvu ya oili kuongoza valvu zake. Ukiitilia 20W-50 injini iliyoundwa kwa 5W-30, huenda oili ikachelewa kufika juu kila unapowasha, nayo injini itazidi kula petroli.

Wako wanaotia oili ya gia, namba 90 au 140, ili injini inyamaze. Usifanye hivyo. Namba za oili ya gia ni za kipimo kingine, tena oili hiyo haikutengenezwa kwa moto na masizi ya injini. Angalia pia herufi zilizopigwa kwenye galoni: S ni kwa injini za petroli, C ni kwa dizeli. Nunua yenye alama ya TBS na kifuniko ambacho hakijafunguliwa. Unapobadilisha oili badilisha na filta, na ile chafu usiimwage mchangani wala karibu na kisima.

DAFTARI NDILO LISEMALO KWELI

Chukua daftari la shule. Gari likae mahali tambarare, injini izimwe kwa dakika kumi. Chomoa kijiti cha kupimia oili, kifute, kirudishe, kichomoe tena, usome. Andika kilomita, na andika kila oili unayoongeza. Wala usijaze kupita alama ya juu, kwani oili iliyozidi hupigwapigwa ikawa povu, na nyingine huungua.

Jirani yangu alifanya hivyo. Akaona kwamba lita moja inakwisha katika kilomita 500. Yeye huenda kilomita 768 kwa juma. Basi kwa mwaka pikapu ingekunywa karibu lita 80, licha ya ile ya kubadilisha. Aliposikia hesabu hiyo alinyamaza kitambo.

Tukafungua kitabu cha gari: kinaruhusu 30, na 40 kwa nchi za joto. Yeye alikuwa akitia 10W-30. Akanunua 15W-40 badala ya ile 20W-50 aliyoshauriwa. Baada ya majuma matatu daftari likasema lita moja kwa kilomita 700. Moshi umepungua, haukukoma. Hesabu ya mwaka imeshuka hadi lita kama 57. Na kwa kuwa moshi wake ni wa asubuhi, na kompresheni ya silinda zote ni nzuri, fundi amemwambia ni sili za valvu. Sili ni vipande vidogo vya mpira, na kuvibadilisha ni nafuu sana kuliko kufumua injini nzima. Fedha ya oili anayookoa sasa anaiweka katika kibubu. Kikitosha, pikapu italala kwa fundi, nayo itapona kweli.

Kilichokuwa karibu kumwangamiza si moshi, bali uvivu wa kupima. Siku ile alipokuja kwangu kijiti kilikuwa kikavu. Angekwenda Msata mara moja tena hivyo, pengine injini ingenoki njiani, samaki wangeoza, na karo ya muhula ingekwenda kwa fundi. Wengine hungoja ile taa nyekundu yenye picha ya birika. Taa hiyo haisemi oili inapungua. Yasema nguvu ya oili imekwisha kushuka. Ikiwaka njiani, simama na uzime injini hapo hapo, usijivute "mpaka pale mbele". Ukiwa huna oili ya namba yako, tia oili yoyote safi ya injini inayopatikana. Kuchanganya 30 na 40 si sumu, kukauka ndiko kifo.

HABARI YA KUUZA

Limebaki lile shauri la pili, la kutia oili nzito na kuuza upesi. Nilimwuliza jirani yangu, "Utamwuzia nani?" Akasema kuna kijana wa upande wa Kiwangwa anayetafuta pikapu ya kubebea mananasi. Nikamwambia, "Basi huyo kijana amekusanya fedha zake kama wewe ulivyokusanya zako. Baada ya mwezi moshi utarudi, naye atabaki na chuma na deni." Akacheka kidogo, kisha hakucheka tena. Gari bovu si haramu kuliuza. Liuze, lakini sema ugonjwa wake na upunguze bei. Mwuzaji asemaye kweli hukutana na mnunuzi wake sokoni bila kugeuza uso.

Nawe unayenunua gari kuukuu, fika alfajiri bila taarifa. Gusa boneti: ikiwa ya moto, mwenyewe amekwisha kuiwasha kabla hujafika. Iwashwe mbele yako ikiwa baridi, usimame nyuma uangalie moshi. Chomoa kijiti: oili ikining'inia kama asali, uliza kwa nini. Pitisha kidole ndani ya bomba la moshi likiwa limepoa. Ukitoka na weusi unaoteleza kama grisi, injini inakula oili.

Haya, wasomaji, kwa juma hili yatosha. Kesho asubuhi, mwenye gari achomoe kijiti kabla ya kuwasha. Asiye na gari amkumbushe mwenye gari anayembebea mazao.