BARAZANI KWA BABU: Mtoto Azibaye Masikio



Juma hili niliahidi kuendelea na habari za mbegu, lakini mbegu zitangoja. Nimepata barua ya mama mmoja wa kigango cha mbali, nami nimeisoma mara tatu. Ana mtoto wa kiume mwenye umri wa miaka tisa. Mtoto huyu hatazami watu machoni. Ukimwambia neno hulirudia kama mwangwi. Hupanga vijiti na mawe mstari mmoja tangu asubuhi hata jua la utosi, na ukiliondoa jiwe moja hulia mpaka lirudishwe. Ngoma za kwaya zikianza kanisani huziba masikio, na mara nyingine hujitupa chini na kugaagaa. Hospitalini wamesema mtoto ana usonji. Majirani wamesema mengine: wako wasemao amerogwa, wako wasemao mama amemdekeza, apigwe fimbo kumi atanyoka. Na Jumapili moja mzee wa kanisa alimwambia mbele ya watu, "Mama, huyu mwache nyumbani, anatuharibia ibada." Tangu siku ile mama na mtoto hawajafika Misa.

Aniuliza maswali mawili: "Babu, je, mwanangu hatapata Komunyo ya Kwanza? Na yeye mwenyewe, moyoni mwake, anaonaje anapotendewa hivi?"

Swali la pili ndilo lililoninyima usingizi. Sisi sote huuliza mama anaonaje, majirani wanaonaje, Padre atasemaje. Mtoto haulizwi.

Nami sina la kujivunia. Nilipokuwa kijana nikifundisha dini, nilikuwa na mwanafunzi mmoja aliyejua sikukuu ya watakatifu wote wa kalenda. Umtajie tarehe 10 Agosti, atajibu Laurenti. Umtajie tarehe 3 Juni, atajibu Karoli Lwanga na wenzake. Lakini nilipomwuliza swali la katekisimu alitazama boriti za paa. Siku moja nikamshika kidevu, nikamgeuza uso, nikasema, "Nitazame ninaposema nawe!" Alipiga ukelele, akatoka mbio, wala hakurudi tena darasani. Nilimwita mjeuri, nikafuta jina lake katika daftari. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojifunza kwamba watu wengi wenye usonji husema hivi: kutazama macho ya mtu na kusikiliza maneno yake ni kazi mbili, na moja huishinda nyingine. Kumbe yule mtoto alitazama boriti apate kunisikia.

Basi, usonji ni nini? Mtu huzaliwa nao. Ni namna ubongo wake ulivyojengwa. Hauambukizi, si uchawi, wala hauondoki kwa fimbo. Wako wasiosema kabisa, na wako wasemao sana kuliko Babu. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, wa mji wa Baltimore huko Marekani, aliandika habari za watoto 11 wa namna hii, wavulana 8 na wasichana 3. Baadaye wataalamu wengi wakawatupia lawama akina mama, ya kwamba hawakuwapenda watoto wao vya kutosha. Bruno Bettelheim aliyaeneza maneno hayo kwa kitabu chake cha mwaka 1967, ingawa mwaka 1964 Bernard Rimland, aliyekuwa mwanachuoni na tena baba wa mtoto wa namna hiyo, alikwisha kuonyesha kwamba hayana msingi. Basi, mama, usidhani ni majirani zako tu wanaokosa. Hata wenye vyuo walimsonda mama kidole, wakakosa.

Wa kwanza katika wale 11 ni Donald Triplett, aliyezaliwa mwaka 1933 katika mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Mwaka 1937, kabla hajatimiza miaka 4, wazazi wake walishauriwa kumpeleka katika nyumba ya kutunzia watoto, wakampeleka. Alikaa huko mwaka mmoja, akinyamaza na kunyong'onyea. Wazazi wakamtoa, ingawa mkuu wa nyumba ile hakutaka. Mwaka 1942 wakampeleka kuishi kwa mkulima mmoja na mkewe, watu wa kawaida tu, wasio na watoto wala elimu ya udaktari. Naomba msome vizuri walivyofanya hao wawili. Donald alipenda mno kupima vitu. Mkulima akampa kazi ya kuchimba kisima, awe akieleza kila mara kimefika kina gani. Alipenda kuokota ndege na wadudu waliokufa. Wakampa kipande cha ardhi kiwe makaburi yao. Alikuwa akihesabu mistari ya mahindi, akimaliza arudie tena. Mkulima akampa farasi na jembe la kukokotwa, akamwambia ahesabu huku akilima. Kanner alipowatembelea mwaka 1945 alimwona akilima mistari sita mirefu, akimgeuza farasi barabara kabisa.

Hawakumtoa tabia yake. Waliitafutia kazi.

Donald akaenda shule, akamaliza chuo mwaka 1958, akafanya kazi katika benki mjini kwao, akaendesha gari, akasafiri nchi nyingi peke yake. Ni kweli jamaa zake walikuwa na mali, na benki yenyewe ilikuwa yao. Si kila mtoto ana bahati hiyo, wala sitaki kumdanganya mama aliyeniandikia. Lakini mali hainunui majirani. Waandishi wawili wa habari walipokwenda Forest kuuliza habari zake, zaidi ya mtu mmoja aliwaonya wasije wakamtendea Don vibaya, maana watatafutwa. Alifariki mwaka 2023, akiwa na umri wa miaka 89, na watu wa mji wake walimlilia kama mwenzao.

Wengine hawakupata mji wa namna hiyo. Temple Grandin, naye wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1947, hakusema mpaka alipokaribia miaka 4. Ameeleza katika vitabu vyake kwamba kengele ya shule ilimwumiza kama chombo cha mganga wa meno kinapogusa mshipa. Alitamani kukumbatiwa, lakini akikumbatiwa alihisi kama anazamishwa majini. Shuleni wenzake walimcheka kwa kurudia maneno, na alipofikia miaka 14 alimtupia kitabu msichana aliyemtukana, akafukuzwa yeye. Mwanamke huyu amekuwa mwalimu wa chuo kikuu katika elimu ya mifugo. Wafugaji walikuwa wakipiga ng'ombe waliokataa kupita katika ujia wa zizi. Yeye aliingia mwenyewe katika ujia ule, akainama, akaona wanachokiona ng'ombe: kivuli, mnyororo unaoning'inia, koti lililotundikwa uani. Ukiondoa koti, ng'ombe hupita. Sisi ni wafugaji, twaelewa. Lakini ni nani aliyeinama pale kanisani akatazama kinachomtisha yule mtoto?

Mwaka 1993 Jim Sinclair, mwenye usonji, alisema na wazazi waliokusanyika Toronto, Kanada. Maneno yake yalikuwa mazito. Alisema kwamba mzazi anapoomba mtoto wake aondokewe na usonji, mtoto husikia kwamba wazazi wangependa awepo mwingine badala yake. Mnamlilia, alisema, mtoto ambaye hakuzaliwa, na huku aliyezaliwa yupo mbele yenu, anangoja. Wengine husimulia jambo jingine: watu huzungumza habari zao mbele yao kama kwamba ni viziwi. Wengine husema huchoka mno kwa kuigiza siku nzima, wakilazimisha macho, wakicheka wengine wanapocheka, hata wakifika nyumbani hawana nguvu ya kula.

Nanyi mtasema, "Basi, ni wao wasiotuelewa." Nami nilidhani hivyo. Lakini mwaka 2017 Noah Sasson na wenzake walitangaza jambo walilolijaribu. Waliwaonyesha watu picha na sauti za wenye usonji kwa muda mfupi tu, na mara ile watazamaji wakasema hawapendi kukaa na kuzungumza nao. Walipopewa kusoma maneno yale yale yameandikwa, bila uso wala sauti, chuki ile haikuonekana. Na Damian Milton wa Uingereza, ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: wao hawatusomi vizuri, na sisi hatuwasomi vizuri, ila lawama yote tumewatwika wao kwa sababu sisi tu wengi.

Sasa Komunyo. Mama, sioni sababu ya kukata tamaa. Papa Pius wa Kumi mwaka 1910 alifungua mlango huu kwa watoto wadogo, akikataza kuwadai elimu kubwa. Maaskofu wa Marekani, katika mwongozo wao juu ya sakramenti kwa watu wenye ulemavu, waliotoa mwaka 1995 na kuurekebisha mwaka 2017, wamesema yatosha mtu aweze kuutofautisha Mwili wa Kristo na chakula cha kawaida, hata akionyesha hivyo kwa ishara au kwa kimya cha heshima, si kwa maneno. Mwongozo huo ni wa kwao, si amri kwa Paroko wako, lakini waweza kumwonyesha. Na Novemba 2014 Baba Mtakatifu Fransisko aliwapokea Vatikano watu wenye usonji na jamaa zao, akahimiza wasiachwe wapweke. Mwambie mzee wa kanisa habari hiyo, kwa heshima, nyumbani kwake, si mbele ya watu.

Tena fanya hivi. Nenda na mtoto kanisani siku ya kazi, wakati hapana mtu, azoee harufu ya mahali na mwanga wake. Jumapili keti karibu na mlango wa pembeni. Mwombe mwalimu wa kwaya akuonyeshe kwa mkono kabla ya ngoma kulia, mtoke mpate kusimama chini ya mwembe mpaka wimbo uishe, kisha mrudi. Akitaka kushika mawe yake mfukoni, ayashike. Katekista asimdai kutazama, najua ninachosema.

Na wewe mzee wa kanisa, ukisoma ukurasa huu utajijua. Sikutaji. Mimi nami nilifuta jina katika daftari.

Mama, Padre akikujibu, niandikie. Katika barua yako umeandika "mtoto" mara kumi na moja, wala hukumtaja jina. Nitajie jina lake, juma lijalo nimwandikie na yeye.