Joe Bradley Hakuisaliti Kazi Yetu

Kuna hoja imenichosha masikio na leo naitolea uvivu. Kila ikitajwa Roman Holiday mbele ya waandishi wa habari vijana, hakosi mmoja wa kusema: "Sinema tamu, ila yule Joe Bradley ni mwandishi bure kabisa. Habari ya mwaka iko mkononi, anaitupa kwa ajili ya mapenzi!" Wasio waandishi nao husema kinachoibeba ni sura ya Audrey Hepburn na ile Vespa tu. Wote nawakatalia.

Kwa asiyeiona: ni filamu ya mwaka 1953, nyeusi na nyeupe, iliyoongozwa na William Wyler na kupigwa Roma kwenyewe. Ann, binti mfalme wa nchi isiyotajwa, amechoshwa na ratiba ya hotuba na kupeana mikono. Daktari anamchoma sindano ya usingizi, naye anatoroka kabla haijamkolea. Joe (Gregory Peck), mwandishi Mmarekani anayedaiwa kodi ya nyumba, anamkuta amelala kando ya barabara na kudhani amelewa. Anamhifadhi kwake. Kesho yake anagundua ni nani, lakini hamwambii kitu. Anapatana na mhariri wake dola 5,000 kwa habari ambayo mwingine hana. Kisha anamwita rafiki yake Irving, mpiga picha mwenye kamera iliyofichwa ndani ya kiberiti cha gesi, na siku nzima wanamtembeza binti wa watu mjini huku wakimpiga picha kwa siri.

Sasa tuulizane, jamani. Huyo dada alikubali lini kuhojiwa? Alipomuuliza Joe kazi yake, aliambiwa anauza mbolea na kemikali! Aliyasema ya moyoni mwake kwa mtu aliyemdhania raia wa kawaida.

Najua mtasema wakubwa hawana faragha. Wanayo. Zipo siri ambazo mwandishi anapaswa kuzifichua hata kwa hila, kwa kuwa zinamuumiza mwananchi. Ann hakuiba fedha za umma wala hakuficha mkataba. Alikata nywele, akala aiskrimu, akacheza dansi. Ukiichapa hiyo umeuza imani ya mtu, basi. Kwa hiyo naomba nieleweke: Joe aliisaliti kazi pale alipopatana bei na mhariri. Baadaye, alipomwambia mhariri huyohuyo kwamba hakuna habari, ndipo alipoirudia.

"Lakini alifanya hivyo kwa mapenzi, si kwa maadili." Haya, mapenzi gani hayo yasiyo na faida? Wakati anaitupa habari, Ann amekwisha kurudi kwenye wajibu wake. Joe anajua hatampata. Fedha zimekwenda, deni liko palepale. Tazameni tena mkutano wa waandishi wa mwisho. Ann anamwona Joe katikati ya wanahabari, na hapo ndipo anapofahamu alikuwa na nani. Anaulizwa juu ya urafiki kati ya mataifa, anajibu kwamba ana imani nao kama alivyo na imani na uhusiano kati ya watu. Joe anamhakikishia kwamba imani hiyo haitapotea bure. Irving anamkabidhi bahasha ya picha kama kumbukumbu ya Roma. Kisha ukumbi unabaki mtupu, na Joe anatoka peke yake, mikono mfukoni.

Hakuna harusi, hakuna kukimbizana uwanja wa ndege. Vichekesho vingi vya mapenzi hutuliwaza kwamba ukitenda mema utapewa mchumba. Hiki kinasema wema una gharama na mlipaji ni wewe. Ndiyo maana kinaishi zaidi ya miaka 70. Hepburn alistahili Oscar yake, sibishi, ila sura nzuri zimejaa hata kwenye filamu zilizosahaulika.

Halafu kuna mwenye kisa. Oscar ya hadithi ilikwenda kwa Ian McLellan Hunter, aliyeazima jina lake tu. Mwandishi wa kweli alikuwa Dalton Trumbo, aliyefungwa jela mwaka 1950 kwa kukataa kujibu maswali ya kamati ya bunge la Marekani iliyowasaka wakomunisti, akapigwa marufuku Hollywood. Alifariki 1976, mjane wake akakabidhiwa tuzo hiyo mwaka 1993. Sidai alijiandika mwenyewe, ila alijua vizuri bei ya kufunga mdomo pale wengine wanapotaka useme.

Leo kila mmoja wetu ana kiberiti cha Irving mfukoni, kinaitwa simu. Tunawapiga watu wakilia, wakilewa, wakigombana, halafu tunasema ni habari. Na bado mnamcheka Joe!

Haya, nirushieni mawe. Ila kwanza nijibuni: ungekuwa wewe uliyelala kando ya barabara usiku ule, ungetaka uokotwe na mwandishi wa aina gani?