Kufuli ni la Nani?

Msomaji, kufuli lililotundikwa mlangoni bila ya kufungwa ni hatari kuliko mlango usio na kufuli. Mwenye mlango mtupu hujua kuwa yu hatarini, akakesha; mwenye kufuli lisilofungwa hulala usingizi wa amani, na mwizi huingia bila ya haraka. Nadai hapa kuwa programu nyingi za ulinzi wa tarakilishi ni makufuli ya namna hiyo, na kwamba lawama si ya ayatumiaye bali ya ayaundaye.

Programu hizo ni za aina mbili. Ya kwanza hupokea amri zilizoandikwa: mtumiaji huandika maneno machache kwenye kioo, na tarakilishi hutii. Ya pili huonyesha picha na vitufe, mtumiaji akachagua kwa kubofya. Wako wataalamu waisifuo ya kwanza na kuicheka ya pili. Husema kuwa picha ni mchezo wa watoto na amri ni kazi ya watu wazima. Tena, asiyeweza kujifunza amri hastahili kuwa na siri. Maneno haya nimeyasikia mara nyingi, na zamani niliyasema mimi mwenyewe kwa majivuno.

Sikiliza yaliyonipata. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha nilitunga mtihani wa mwisho wa muhula. Ili usivuje niliusimba, yaani niliyageuza maandishi yake yawe fumbo lisilosomeka ila kwa mwenye neno la siri. Niliandika amri sawasawa, bila ya kosa la herufi moja, nikatia neno la siri, kioo kikanyamaza. Nilidhani kimya kile ni jibu la heri. Kumbe programu ilikuwa imefanya nakala iliyofumbwa, na mtihani wenyewe ikauacha wazi kando yake, wala haikuniambia. Ndivyo ilivyoundwa. Tarakilishi ile ilikuwa ya chumba cha walimu, na wanafunzi wawili waliruhusiwa kuitumia kuchapa gazeti la ukutani. Asubuhi ya mtihani nusu ya darasa walikuwa na majibu vichwani. Mtihani ulifutwa, waliosoma kwa haki wakaadhibiwa pamoja na waliokosa, nami nikaitwa kujieleza. Amri nilizijua. Nisichojua ni jambo moja ambalo programu ililijua ikalinyamazia.

Sikatai kuwa amri zina sifa. Amri huandikwa daftarini ikarudiwa kesho vilevile. Huchunguzwa na mwingine kabla ya kutumika. Na huendesha tarakilishi iliyo mbali, isiyo na kioo wala mtu mbele yake. Mlinzi wa mitambo mikubwa asiyezijua ni kama nahodha asiyejua nyota.

Wala usidhani nazisifu picha kwa kuwa ni picha. Mwaka 1991 Mmarekani Philip Zimmermann alitoa programu ya kusimba barua iitwayo PGP. Baadaye ilivikwa picha za funguo, na za kalamu ya manyoya kwa ajili ya kutia sahihi. Mwaka 1999 watafiti wawili, Alma Whitten na J. D. Tygar, walichapisha matokeo ya kuijaribu. Waliwapa watu 12, waliozoea barua za tarakilishi, dakika 90 za kutuma siri kwa wenzao. Thuluthi moja tu ndio waliofaulu kuisimba barua na kuitia sahihi inavyopasa. Watatu waliituma siri ile wazi kwa bahati mbaya. Picha zilipendeza, na siri ikatoka. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Basi kosa liko wapi? Liko katika kiburi, ambacho huvaa amri leo na picha kesho. Muundaji mwenye kiburi hutunga programu kwa mfano wa akili yake, kisha humwita mjinga kila mtu asiye yeye. Husahau kuwa siri ya watu wawili hulindwa na watu wawili. Mimi nikiwa bingwa wa kusimba, na mama yangu hajui, barua yetu i uchi. Ulinzi wa wachache waliosoma hauwalindi hata hao wachache.

Tazama mfano ulio mkononi mwako. Mwezi wa Aprili 2016 WhatsApp ilitangaza kuwa imekamilisha kusimba ujumbe na simu za watu wake wote, zaidi ya bilioni moja. Hapakuwa na amri ya kuandika wala kitufe cha kukumbuka. Bibi amwandikiaye mjukuu wake alifungiwa mlango bila ya kuombwa ajue hesabu zilizoufunga. Kweli, kufuli hilo halimzuii aliyeiba simu iliyo wazi, na mwenye kutaka uhakika bado hana budi kulinganisha tarakimu za usalama na mwenzake. Lakini kilichowashinda wasomi ndani ya dakika 90, bibi alikipata bila ya jasho. Kazi ngumu ilifanywa na waliopaswa kuifanya.

Kwa hiyo, msomaji, jifunze amri; wala uvivu usijifiche nyuma ya maneno yangu. Ila usizigeuze fimbo ya kuwapigia wasiozijua. Na kama siku moja utaunda programu ya ulinzi, iwe ya amri au ya picha, ipe masharti mawili: ifunge pasipo kuombwa, na iseme kweli juu ya kile ilichokiacha wazi. Kisha mpe mtu asiyeijua, ukae kimya umtazame. Akikosea usimcheke. Liandike kosa lile katika daftari lako, kwa maana ni lako.