Dawa za UTI zisiuzwe kama njugu

Katika Makambako, mahali ambapo barabara ya kwenda Njombe na Songea inaachana na barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia, duka la dawa haliko mbali na stendi, kama ilivyo katika kila mji wa njia panda. Mteja hufika dirishani, akaeleza kwa sauti ya chini kwamba anasikia maumivu makali anapokwenda haja ndogo, na kabla hajamaliza maelezo amekwisha kutajiwa jina la ugonjwa na bei ya vidonge. Ugonjwa ni UTI, yaani maambukizi katika njia ya mkojo. Vidonge ni viuavijasumu, zile dawa ziitwazo antibayotiki. Cheti cha daktari hakuulizwa, mkojo wake haukupimwa, na ikiwa fedha alizonazo zinatosha nusu ya dozi tu, basi atauziwa nusu hiyo. Mambo haya si ya Makambako peke yake. Yanatendeka Njombe mjini, yanatendeka Dar es Salaam na Mwanza, na yamezoeleka kiasi kwamba mtu anayeyahoji huonekana mkorofi.

Katika ofisi na katika vyumba vya walimu neno UTI limekuwa jibu la kila kiuno kinachouma na kila homa isiyoonekana katika kipimo cha malaria. Limezaa hata mwenzake, "UTI sugu", ambalo watu hulitamka kana kwamba ni aina ya pekee ya ugonjwa inayomwandama mtu kwa bahati mbaya. Ukweli ni kwamba wengi wa wanaojiita wagonjwa wa UTI sugu ama hawana UTI kabisa, ama wana bakteria ambao wamekwisha kufundishwa na dawa zenyewe namna ya kuzishinda. Kilicho sugu si ugonjwa. Sugu ni kile kijidudu, na mwalimu wake ni binadamu.

Kati ya mwaka 2018 na 2020 watafiti wa Tanzania, Kenya na Uganda, wakishirikiana na wenzao wa Uingereza katika mradi uliopewa jina la HATUA, waliwapima wagonjwa zaidi ya 7,500 waliofika katika vituo vya tiba wakiwa na dalili za UTI. Kwa upande wa Tanzania wagonjwa hao walitoka Mwanza, Kilimanjaro na Mbeya, ambayo ni jirani ya Njombe. Mkojo ulipooteshwa maabara, waliothibitika kuwa na maambukizi walikuwa kiasi cha mtu mmoja tu kati ya watatu. Na katika bakteria waliopatikana, wenye usugu dhidi ya dawa za makundi kadhaa kwa mpigo walikuwa wengi mno. Mtu akiyatazama mambo hayo mawili pamoja ataona ubaya ulivyo: dawa zinamezwa na watu wengi ambao hawazihitaji, na wale wanaozihitaji kwelikweli wanakuta zimekwisha nguvu.

Ili jambo hili lieleweke ni vyema kumtazama mhusika mkuu. Bakteria anayesababisha sehemu kubwa ya maambukizi ya njia ya mkojo anaitwa Escherichia coli, kwa kumbukumbu ya daktari Theodor Escherich aliyemweleza mwaka 1885. Makao yake ya kawaida ni utumbo wa binadamu na wanyama, na huko hana madhara makubwa. Taabu huanza anapovuka na kuingia katika njia ya mkojo, safari ambayo ni fupi zaidi kwa wanawake kutokana na maumbile, na ndiyo sababu wao huugua mara nyingi kuliko wanaume.

Akipata chakula na joto la kutosha, bakteria huyu anaweza kugawanyika kila baada ya dakika 20. Katika wingi huo daima huzaliwa wachache wenye vinasaba tofauti. Kinasaba kimoja humpa uwezo wa kutengeneza kimeng'enya kinachoikata dawa vipande kabla haijamdhuru. Kingine humpa pampu ya kuitapika dawa nje. Kingine hubadilisha ile sehemu ambayo dawa ingeishika. Dawa ikija, wale wa kawaida hufa, na wenye vinasaba hivyo hubaki na shamba lote wao peke yao.

Lakini hilo si baya kupita yote. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wataalamu wa Japani, waliokuwa wakishughulika na ugonjwa wa kuhara damu, waliona jambo ambalo halikutarajiwa: bakteria wa aina moja aliweza kumkabidhi bakteria wa aina nyingine usugu dhidi ya dawa nne kwa wakati mmoja. Baadaye ilifahamika kwamba vinasaba hivyo hubebwa katika vipete vidogo viitwavyo plasmidi, na plasmidi hupitishwa kutoka mwilini mwa bakteria mmoja hadi kwa mwingine. Wakazi wa Makambako hawatapata shida kulielewa jambo hilo. Tangu reli ya TAZARA ikabidhiwe mwaka 1976 wamekuwa wakiona mzigo mmoja ukishushwa kutoka katika behewa na kupakiwa katika lori, kisha lori likashika njia ya Songea. Mzigo ni uleule, chombo ndicho kilichobadilika. Ndivyo kinasaba cha usugu kinavyotoka kwa bakteria wa utumboni asiye na madhara, kikaingia kwa yule wa njia ya mkojo au yule wa kidonda, bila kujali kwamba mwenye mwili hajawahi kumeza dawa ambayo kinasaba hicho kinaishinda.

Hapo ndipo ilipo siri ambayo wananchi wengi hawajaelezwa. Njombe ni mkoa wa baridi, na ifikapo Juni na Julai mafua na kikohozi huingia katika kila nyumba. Mafua husababishwa na virusi, na viuavijasumu haviui virusi. Hata hivyo amoksilini hununuliwa, ikamezwa siku mbili, mafua yakaisha yenyewe kama ambavyo yangeisha, na dawa ikapewa sifa isiyostahili. Wakati huo dawa hiyo imepita utumboni, imewaua bakteria wapole na kuwaacha sugu. Miezi mitatu baadaye mtu huyo, au mkewe, au mtoto anayetumia choo kilekile, anapopata UTI ya kweli, askari wanaomshambulia ni wale waliopewa mafunzo wakati wa mafua. Hakuna atakayekumbuka kuyaunganisha mambo hayo mawili.

Mifugo nayo ina sehemu yake katika mchezo huu. Mkoa wa Njombe unasifika kwa ng'ombe wa maziwa, na ufugaji wa kuku umeenea mijini. Dawa za jamii ya tetrasaiklini zinazowekwa katika maji ya kuku wazima ili eti wasiugue, na maziwa yanayokamuliwa na kuuzwa kabla dawa ya ng'ombe haijaisha mwilini, yote ni shule za bakteria. Maofisa ugani wanalijua hili vizuri. Tatizo ni kwamba wafugaji wengi humfuata muuza dawa kwanza.

Liko pia jambo ambalo linapasa kusemwa kwa uangalifu. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023, Njombe ndio mkoa wenye kiwango kikubwa kuliko yote cha maambukizi ya Virusi vya UKIMWI, asilimia 12.7 ya watu wazima, wakati wastani wa taifa ni asilimia 4.4. Kwa miaka mingi wenzetu wanaoishi na virusi hivyo wamekuwa wakipewa dawa ya kotrimoksazoli, ambayo wengi huijua kwa jina la Septrin, ili kuwakinga na magonjwa nyemelezi. Utaratibu huo umeokoa maisha na haufai kulaumiwa hata kidogo. Lakini matumizi ya muda mrefu ya dawa yoyote hukuza usugu, na leo kotrimoksazoli ni miongoni mwa dawa ambazo bakteria wa UTI nchini wamezizoea kabisa. Mkoa ambao umelazimika kuitumia dawa moja kwa sababu njema hauna ruhusa ya kuzichezea nyingine kwa sababu mbaya.

Nani basi anayezichezea? Imekuwa desturi kuelekeza kidole kwa mkulima asiyejua kusoma. Shutuma hiyo haina haki. Mkulima wa viazi wa kijijini mara nyingi hana fedha za kununua hata hiyo nusu dozi. Mwenye uwezo wa kununua, tena mwenye kadi ya bima ya afya mfukoni, ni mtumishi wa umma na mwalimu. Wako miongoni mwao wasioridhika wakitoka kwa daktari bila dawa, na wako wasiohesabu kwamba wametibiwa mpaka wachomwe sindano ya seftriaksoni, ambayo ni dawa iliyopasa kutunzwa kwa ajili ya wagonjwa mahututi. Wako wanaoweka mabaki ya vidonge kabatini na kumgawia jirani. Katika shule za bweni si ajabu msichana anayelalamika maumivu ya tumbo akapewa vidonge viwili vilivyobaki kwa mwenzake, jambo ambalo mwalimu wa zamu hulichukua kuwa ni huruma. Msichana huyo alihitaji kwanza kupimwa, na pengine alihitaji maji ya kutosha na choo kisafi kuliko kidonge chochote.

Madaktari na matabibu nao hawawezi kuachwa nje. Anayeandika dawa kali kwa mgonjwa ambaye hakumpima, ati kwa sababu foleni ni ndefu, anafanya kosa lilelile la muuza duka, ila yeye anafanya akiwa amevaa koti jeupe.

Kuhusu maduka yenyewe, historia inataka haki itendeke. Mpango wa Duka la Dawa Muhimu ulianza mwaka 2003 katika Mkoa wa Ruvuma, mwisho wa barabara hiyohiyo inayoanzia Makambako, na nia yake ilikuwa nzuri: kuyaondoa maduka ya dawa baridi yaliyokuwa yakiuza kila kitu kwa kificho, na kuweka mahali pake wauzaji waliofundishwa, wenye orodha ya dawa walizoruhusiwa. Vijijini maduka haya yameziba pengo pale ambapo zahanati imeishiwa dawa. Kuyafunga kwa hasira kutawaumiza wanyonge. Kinachotakiwa ni wakaguzi kuhakikisha kwamba orodha hiyo inaheshimiwa, kwamba nusu dozi haiuzwi, na kwamba sindano hazipatikani dirishani. Sheria zipo tayari. Mpango kazi wa taifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa, UVIDA, ulitolewa kwa miaka 2017 hadi 2022, ukafuatiwa na wa pili unaofikia mwaka 2028. Mipango hiyo haikuandikwa ili ipambe makabati ya Halmashauri.

Hatari yenyewe si ya kufikirika. Mama mjamzito mwenye UTI isiyosikia dawa huweza kupata maambukizi ya figo na kujifungua kabla ya wakati. Bakteria walewale wakiingia katika damu huua. Katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, miaka ya 2001 na 2002, ilionekana wazi kwamba watoto wenye maambukizi ya damu yaliyosababishwa na bakteria sugu walikufa kwa wingi zaidi kuliko wale ambao bakteria wao walisikia dawa. Kwa dunia nzima, inakadiriwa kwamba usugu huu uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 katika mwaka 2019, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumia kuliko sehemu nyingine yoyote.

Bado zipo dawa zinazofaa. Nitrofurantoini, dawa ya zamani na isiyo ya gharama kubwa, inaendelea kuwashinda wengi wa E. coli wa njia ya mkojo katika tafiti za hapa nchini. Lakini hata hiyo haifai kutolewa kwa kubahatisha, kwa kuwa haitibu maambukizi yaliyokwisha kupanda kwenye figo. Kinachokosekana ni kipimo. Karatasi ya kuchovya katika mkojo husaidia, na darubini husaidia zaidi. Lakini kujua ni bakteria gani na ni dawa gani inayomuua, mkojo hauna budi uoteshwe, na hiyo ni kazi ya siku mbili au tatu.

Watu husema kazi hiyo haiwezekani katika miji midogo. Inawezekana. Si lazima kila kituo kiwe na maabara ya kuotesha bakteria. Inatosha iwepo moja inayofanya kazi vizuri, na vituo vingine vipeleke sampuli. Mkojo ukikaa katika joto la kawaida zaidi ya saa mbili hautoi tena majibu ya kuaminika, lakini ukiwekwa katika baridi ya nyuzi 4 hudumu hadi siku nzima. Kutoka Makambako hadi Njombe ni kiasi cha kilomita 60 za lami, na mabasi hupita kila siku. Wahudumu wa afya wa mkoa huu wamekuwa wakibeba chanjo za watoto katika maboksi ya barafu hadi vijiji ambavyo basi halifiki, na hawajashindwa. Boksi lingine la namna hiyo, lililotengwa kwa ajili ya sampuli tu, likiondoka Makambako kila asubuhi, pamoja na namba ya simu ya tabibu atakayepokea majibu, linaweza kuanza kazi ndani ya bajeti ya mwaka mmoja wa fedha wa Halmashauri. Waganga wakuu wa wilaya na wa miji wanaweza kulipeleka pendekezo hilo katika vikao vya bajeti vijavyo, na madiwani wakaulizwa wanasemaje.