Gari linapomisi, msikilize na mtoto aliyekaa nyuma

Dada yangu huwapeleka watoto shule kwa gari dogo la silinda 4. Kwa karibu mwezi mzima lilikuwa linamsumbua: siku tatu linakwenda vizuri, ya nne linashtukashtuka akikanyaga mafuta kupanda mlima, kisha linatulia. Mafundi wanasema gari linamisi. Kila akilifikisha gereji linanguruma kama jipya. Fundi wa kwanza alisema halina kitu. Wa pili alibadilisha pampu ya mafuta kwa kubahatisha, na wiki haikuisha likaanza tena.

Mimi naandika habari za afya, magari siyajui sana. Lakini maradhi yanayokuja na kuondoka nayajua: ukifika kwa daktari homa imeshashuka, kinachomsaidia ni maelezo yako. Nikamwambia dada aandike kwenye simu kila linapomisi. Injini ni ya baridi au ya moto? Mvua au jua? Kwenye mlima au foleni? Taa ya injini imewaka tu au inapepesa? Baada ya siku kumi hivi tukaona karibu zote ni asubuhi, mvua ikiwa imenyesha usiku.

Fundi wa tatu aliyasoma maelezo hayo kabla ya kufungua boneti. Mashine ya kupimia ikatoa kodi P0303, yaani silinda ya 3 ndiyo haichomi mafuta sawasawa. (Ingekuwa P0300, silinda inayokosa haijulikani ni ipi, na kazi ingekuwa ndefu.) Hakukimbilia dukani. Alibadilishana koili ya silinda ya 3 na ya 2, akafuta kodi, akamwambia dada aendelee kuliendesha. Mvua iliyofuata, kodi ikawa P0302. Tatizo limeifuata koili! Ilikuwa na ufa mwembamba. Ikipata unyevu, umeme unavujia pembeni badala ya kufika kwenye plagi. Muulize fundi wako kama amefanya jaribio hilo kabla hujatoa hela ya pampu.

Kilichoninyima usingizi ni kingine. Mdogo wao, mwenye miaka 5, alikuwa akifika shule analalamika kichwa, mchana kimepona. Sote tulidhani hataki shule. Fundi aliponyanyua gari alikuta masizi kwenye kiungo cha bomba la moshi: linavuja. Moshi wa petroli una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima, hivyo humpata mapema. Hatukumpima damu, siwezi kuapa kuwa ndiyo sababu. Ila tangu bomba lichomelewe hajalalamika.

Mkiwa garini mkaumwa kichwa, mkapata kizunguzungu au kichefuchefu, simamisheni, tokeni wote nje, muende hospitali na kumwambia daktari mlikuwa kwenye gari. Na taa ya injini ikipepesa, punguza mwendo utafute pa kuegesha salama. Petroli isiyoungua inakwenda kuunguza masega ndani ya bomba, na bei yake unaijua.

Dada bado anaandika. Juzi nimekuta: "Breki, kelele, kulia mbele, asubuhi tu."