Maua ya ndani ni mazuri, lakini yajue moja moja

Hivi karibuni mama mmoja alikuja kliniki na mtoto wake mwenye pumu, na kabla hata hajakaa vizuri akaniuliza ni ua gani la ndani linalosafisha hewa. Alikuwa amekwisha kununua matano kwa muuza maua wa kando ya barabara, kila moja na sifa zake: hili linanyonya sumu, lile linatoa oksijeni usiku, jingine linafukuza mbu. Yote ameyapanga chumbani kwa mtoto. Nikamuuliza nyumbani wanapikia nini. Akasema mkaa, na mvua ikinyesha jiko huingizwa ndani.

Swali lake nimelisikia mara nyingi, kwa hiyo leo nalijibu hapa.

Sifa hiyo ya kusafisha hewa haikuzuka tu. Mwaka 1989 shirika la anga za juu la Marekani, NASA, lilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba baadhi ya mimea ya ndani ilipunguza kemikali kama benzini na fomaldehaidi hewani. Wauzaji wakaishika na hawajaiachia mpaka leo. Kinachosahaulika ni kwamba mimea ile ilifungiwa kwenye masanduku madogo yasiyopitisha hewa. Nyumba yako ina madirisha, milango na nyufa. Mwaka 2019 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Drexel, hukohuko Marekani, walipitia tafiti za aina hiyo na kupiga hesabu: ili mimea ifanye kazi ambayo hewa inayoingia na kutoka jengoni hufanya yenyewe, ungehitaji mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu. Pa kuweka kitanda hapatabaki.

Mama yule nilimwambia afungue madirisha, jiko la mkaa lisiingie ndani hata mvua ikinyesha, na dawa ya kuvuta ya mtoto isiachwe. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa wamelala. Hakuna ua litakalokuokoa nayo.

Wapo pia wanaoogopa kinyume chake, kwamba ua likikaa chumbani usiku linammalizia mtu hewa. Linatumia oksijeni kidogo mno. Mwenzako unayelala naye anatumia nyingi kuliko maua yako yote, na hujamfukuza.

Basi maua yana faida gani? Yanapendeza, yanatuliza macho, na kuyahudumia kunampa mtu shughuli ya taratibu baada ya kazi. Kwangu hiyo inatosha. Nina vyungu kumi na saba, kwa hiyo msinione adui wa maua. Ila kadiri yanavyoongezeka ndivyo inavyobidi kulijua kila moja linakunywa nini na linaweza kumdhuru nani.

Tuanze na maji, maana hapo ndipo penye makosa mengi. Katika nyumba nyingi, asubuhi mtu anapita na jagi moja na kumimina kiasi kilekile katika kila chungu. Ua lenye majani magumu yaliyosimama kama mapanga, mshubiri, na zamioculcas (lile lenye majani mazito yanayong'aa, ambalo asili yake ni huku kwetu Afrika Mashariki) hujiwekea maji ndani ya majani, mashina au mizizi yake. Yanaweza kukaa wiki mbili au zaidi bila kumwagiliwa. Jimbi lililo karibu yake, kwa upande mwingine, hunyong'onyea udongo ukikauka. Chomeka kidole kwenye udongo mpaka kifundo cha pili. Kama bado kuna unyevu, liache. Na ukiona majani yanakuwa ya njano ilhali udongo umelowa, usiongeze maji. Mizizi inaoza. Udongo unaolowa wakati wote huota ukungu pia, na mwenye pumu au mzio wa ukungu hana haja nao chumbani.

Maji yanayozidi hushuka kwenye kisahani cha chini, na hapo ndipo mimi kama daktari ninaposhtuka. Mbu aina ya Aedes, yule mweusi mwenye mabaka meupe miguuni, anapenda maji yaliyotuama karibu na watu: matairi, makopo, mapipa, visahani vya maua. Ndiye anayeeneza homa ya dengue, ambayo wakazi wa Dar es Salaam wanaikumbuka vizuri kwa milipuko ya mwaka 2014 na 2019. Anauma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakitoshi. Katika joto letu yai linaweza kuwa mbu kamili ndani ya wiki moja hivi.

Kumwaga maji peke yake hakumalizi kazi. Mbu huyu hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo huvumilia ukavu kwa miezi. Ukimwaga leo na kumwagilia wiki ijayo, yanaanguliwa. Kwa hiyo kisahani kisuguliwe kwa brashi na sabuni, ndani na pembeni, mara moja kila wiki. Ua linalokaa kwenye chupa ya maji, kama lile linalotambaa lenye majani ya umbo la moyo, nalo libadilishiwe maji na chupa isuguliwe vilevile. Usisahau visahani vya ofisini na vya mapokezi ya zahanati. Nimewahi kukuta viluwiluwi wakicheza chini ya ua kwenye chumba ambacho wagonjwa wa homa walikaa wakisubiri kuitwa. Na ukipata homa kali na maumivu nyuma ya macho na kwenye viungo, nenda ukapime. Kabla ya majibu tumia parasetamoli tu; aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu kama ni dengue.

Sasa watoto. Mwanangu wa pili alipokuwa na miezi 14, sebuleni kwangu palikuwa na dieffenbachia, lile ua la majani mapana ya kijani yenye madoadoa meupe. Mimi daktari, nikijua kabisa lina nini, nililiweka sakafuni kwa sababu kona ile ilikuwa tupu. Nilikuwa jikoni niliposikia kilio ambacho si cha kawaida. Nilimkuta udenda unamchuruzika, midomo imeanza kuvimba, na kipande cha jani mkononi. Majani na mashina ya ua hili yana fuwele ndogo zenye ncha kama sindano, na ukitafuna zinachoma ulimi na koo papo hapo. Nilimtoa vipande mdomoni kwa kitambaa chenye maji, nikamsuuza, nikampa maziwa ya baridi kidogo kidogo, kisha tukaenda hospitali kumwangalia koo. Baada ya siku mbili alikuwa anakula vizuri. Nami kwa siku hizo mbili sikuweza kumtazama mume wangu machoni.

Likitokea kwako, usimtapishe mtoto. Akipumua kwa shida, sauti ikikwaruza au akishindwa kumeza mate, kimbia hospitali mara moja, na chukua jani au lipige picha ili daktari aone. Fuwele kama hizo zimo pia katika monstera, filodendroni na lile linalotambaa la majani ya moyo. Hatari zaidi ni adenium, waridi la jangwani linalopamba vibaraza vingi: utomvu wake una sumu ya moyo, na tangu zamani umetumika kupaka mishale ya kuwindia. Mnyaa nao una utomvu mweupe unaoweza kuumiza jicho vibaya. Ukiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa robo saa, kisha nenda hospitali.

Mwenye mtoto anayetambaa achague saintpaulia, ua dogo la zambarau ambalo asili yake ni milima ya Usambara. Wazungu wamelijaza madirishani tangu lipelekwe Ulaya mwishoni mwa karne ya 19. Sisi wenye milima tunaliona kwa nadra.

Jambo moja linaniogopesha kuliko majani yote. Dawa ya kuua wadudu wa maua huuzwa mitaani ikiwa imepimwa kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto mwenye kiu hasomi, na chupa ile anaijua. Usiinunue hivyo wala usiihifadhi hivyo. Wadudu wengi wa maua ya ndani huondoka ukifuta majani kwa maji yenye sabuni kidogo, na kurudia baada ya siku chache.

Wauza maua nao wana sehemu yao. Kibandiko chenye jina la ua na maneno "weka mbali na watoto" hakiwezi kumfilisi mtu, na halmashauri zinazowatoza ushuru wa barabarani zingeweza kuwataka wakiweke. Mpaka hapo, uliza jina kabla ya kulipa. Muuzaji asipolijua, piga picha ya ua, ulizia kwingine, ndipo urudi kulinunua.